Bodi ya Sebuleni

Sakafu ya sebule yake haifanani na ya jirani yeyote. Karibu na mlango kuna vigae vya kijivu vilivyobaki benki. Chini ya meza kuna vya rangi ya maziwa, masalio ya duka la dawa. Kwenye kona ya televisheni kuna kipande chenye maua ya bluu ambacho tajiri mmoja alikichagua kwa mbwembwe, akakichoka kabla simenti haijakauka. Baba yake ndiye aliyeanza kuitandika sakafu hiyo kwa mabaki ya kazi zake, na magoti yake yalipochoka binti akaendelea pale mzee alipoishia. Mpaka leo, mtu akitaka kujua fundi huyu amefanya kazi wapi na wapi, hana haja ya kuomba barua ya utambulisho. Avue viatu, atembee.

Mtaani wanamwita Pimamaji, jina la kile kifaa chenye kiputo ndani ya mrija wa kioo, ambacho fundi hukilaza juu ya kazi yake kujua kama imekaa sawa. Jina alipewa na mafundi wenzake, wanaume tupu, waliochoka kumsikia akisema kigae kimenyanyuka upande wakati wao hawaoni kitu. Walikuwa wakimbishia, yeye anaweka kifaa chini, kiputo kinakimbilia pembeni, wao wanakohoa. Baadaye waliacha kubisha, wakabaki na kukohoa.

Kwa vigae, basi, hakuwa na shida. Shida yake ilikuwa binadamu. Sakafu ya bafu, fundi yeyote atakuambia, haitakiwi kuwa sawa kabisa. Lazima iinamie kidogo kwenye tundu ili maji yapate njia. Pimamaji mwenyewe aliumbwa kama sakafu ya bafu. Ukimsemesha kwa upole, anainama, na chochote utakachomwaga kinateremkia kwake. Jirani akimwomba ampachikie vigae viwili vitatu jikoni, "ukipita tu, mama," viwili vitatu huishia kuwa ukuta mzima. Mteja akikumbuka kaukuta ka nyuma baada ya kazi kupatanwa, kaukuta nako kanaingia. Neno lake lilikuwa "haya," na alipoulizwa kwa nini, alisema hewala haigombi. Mumewe ni mwalimu wa udereva, mtu wa maneno machache kwa sababu siku nzima anatishwa na wanafunzi. Alipenda kusema kwamba mkewe angekubali kuzikwa mapema ili asimcheleweshe mchimba kaburi.

Hivyo ndivyo walivyoishi, na wangeendelea hivyo, kama meneja wa mradi mmoja asingeingia kwenye lile duka la dawa kununua dawa ya kikohozi na kubaki ameinama akitazama sakafu.

Meneja alikuwa anasimamia jengo la hosteli ya wanafunzi, ghorofa juu ya ghorofa, kila chumba na bafu lake. Alimtafuta Pimamaji mpaka akampata kwa mteja, akiwa amepiga magoti na nyundo ya mpira mkononi. Alimtaka afanye mabafu yote. Kulikuwa na jambo dogo tu: waajiri wake hawaingii mkataba na mtu, wanaingia na kampuni. Je, alikuwa na kampuni? Pimamaji alitazama ndoo yake ya gundi kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. Mkataba pekee aliowahi kuufahamu ni ule wa kunyoosha kidole ukutani na kusema, kuanzia hapa mpaka pale. Akasema haya, atakuwa nayo.

Msaada ulikuwepo ndani ya ukoo. Wifi yake, dada wa mumewe, ni karani wa wakili. Anachapa mikataba ya watu kuanzia asubuhi mpaka jioni, na kwa sababu hiyo haamini mikopo wala harusi. Alikuja Jumapili mchana na kompyuta yake begani. Akakuta sebule imejaa. Mume alikuwepo. Shangazi alikuwepo, dada wa marehemu baba, mkunga mstaafu anayeishi humo humo na kuijua historia ya kila kigae. Na Mjomba alikuwepo, kaka wa marehemu mama, anayekaa mtaa wa pili. Hakuna aliyemwalika, ila alikuja amevaa koti.

Wifi alieleza mambo taratibu. Njia ya kwanza, alisema, ni fundi kubaki yeye kama yeye. Ataandikisha jina la biashara, atalipa kodi yake, basi. Haina vikao wala gharama kubwa. Ubaya wake ni kwamba sheria haioni mpaka kati ya fundi na kazi yake. Bafu likivuja, dari la chini likaporomoka, anayedaiwa ni yeye mwenyewe, na akishindwa wataangalia ana kitu gani. Ana kitu gani? Wote walitazama sakafu.

Njia ya pili ni ubia. Huo unafanana na njia ya kwanza, ila unaongezewa na makosa ya mwenzako. Shangazi alisema huo anaufahamu, aliwahi kuwa ndani yake, wakati ule ukiitwa ndoa.

Ikabaki ya tatu.

"Kampuni ni mtu mwingine," wifi alisema. "Ana jina lake, madeni yake, kesi zake. Wewe unamfanyia kazi tu. Akianguka, anaanguka peke yake. Nyumba inabaki."

"Anakula?" aliuliza mume.

"Hali."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi mlete. Huyo ndiye mgeni niliyemsubiri humu ndani miaka yote."

Wifi alionya kwamba mgeni huyo naye ana masharti yake. Hesabu zake zitengwe na za nyumbani, taarifa zake zipelekwe kila mwaka, na mambo makubwa yaamuliwe kwenye kikao na yaandikwe. Hakuna aliyetishika. Kisha akafungua kompyuta na kuuliza swali lililoharibu kila kitu.

"Wakurugenzi ni akina nani?"

Jibu sahihi lilikuwa "mimi." Walishaliongea kwenye simu wawili hao: sheria ilimruhusu awe peke yake, hisa zote zake. Lakini kusema hivyo kwenye simu ni jambo moja, na kusema hivyo mbele ya mjomba aliyevaa koti ni jambo lingine. Katika nyumba hiyo hata pakiti ya karanga ikifunguliwa mbele ya watu inazunguka kwanza kwa wakubwa, ndipo aliyeinunua anapata zinazobaki. Angewezaje kukaa katikati ya wazee, akagawa kitu kizima kizima, na kujipa chote?

"Mwandike Mjomba," alisema.

Shangazi alikohoa. Kilikuwa kikohozi chenye historia ndefu. Tangu siku wazazi wa Pimamaji walipooana, upande wa mama na upande wa baba wamekuwa wakipimana kimyakimya, na haikuwezekana upande mmoja upate kitu na mwingine upate upepo. Akaandikwa Shangazi. Hapo ikawa haiwezekani kumwacha mume, ambaye ndiye mwenye gari. Hisa zikagawiwa kama karanga, kila mtu robo. Wifi alitazama juu ya miwani yake.

"Wifi, una hakika? Hapo wewe mwenye mikono umebaki na robo."

"Haya," alisema Pimamaji.

Uenyekiti ulimwangukia Mjomba kwa umri. Maisha yake ya kazi yalipita kwenye stoo ya kiwanda cha sabuni, na hakuwahi kuitwa mwenyekiti wa chochote, hata wa mazishi. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amechongesha muhuri wa kampuni, wa duara, wenye jina la kampuni pembeni na nyota katikati. Nyota ilikuwa wazo lake. Muhuri aliufunga kwenye leso akauweka mfuko wa ndani wa koti, na hakumruhusu mtu kuushika. Shangazi aliuliza kama analala nao.

Vikao vilianza Jumamosi iliyofuata, asubuhi, sebuleni. Ajenda zilikuwa zile zinazojulikana na kila aliyewahi kukaa kwenye kamati: kufungua kikao, kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa, mengineyo, kufunga. Mume akateuliwa katibu kwa sababu ya mwandiko wake. Siku ya kwanza Mwenyekiti alikwama mapema, kwa kuwa hapakuwa na kikao kilichopita, na hakutaka kuruka ajenda. Baada ya kufikiri aliamua zisomwe kumbukumbu za kamati ya harusi ya binamu, ambazo bado alikuwa nazo. Zikasomwa. Shangazi akaleta yatokanayo kuhusu mapambo.

Kwa Pimamaji hayo hayakuchekesha. Alitaka kununua diski mpya ya mashine ya kukatia vigae. Bodi ikamwagiza alete bei za maduka matatu. Aliomba mifuko ya gundi. Shangazi akataka kujua ule mfuko wa mwezi uliopita umekwenda wapi, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaulizia kina mama wadi ya wazazi kama wamekunywa dawa. Mwenyekiti alileta hoja ya kofia za kampuni, ikajadiliwa mpaka chai ikapoa. Siku moja Pimamaji aliacha ndoo ya gundi iliyokorogwa kwa mteja, akiamini kikao ni kifupi. Aliporudi, gundi ilikuwa jiwe na mwiko umesimama katikati kama mshumaa wa keki. Gundi ya vigae ikishakorogwa haisubiri yatokanayo.

Alikwenda ofisini kwa wifi yake kuuliza kama kuna njia ya kurudisha mambo. Ipo, wifi alimwambia, tena nyepesi: kila mmoja asaini kukurudishia robo yake. Kinachotakiwa ni kuwaambia tu. Pimamaji alisema tatizo ndilo hilo. Wifi alicheka mpaka wakili akachungulia mlangoni, kisha akasema kwamba aliyeshindwa kumwambia mjomba wake hapana siku ile ya Jumapili, sasa itambidi amwambie haya kila Jumamosi.

Wakati huo ndipo mkataba wa hosteli ulipofika.

Wifi aliusoma akiwa na kalamu mkononi, na kalamu haikupumzika. Mkataba ulimwita fundi wa kujitegemea mwanzoni kabisa, kwa herufi nene, na baada ya hapo haukumwachia cha kujitegemea. Aingie saa mbili, atoke saa kumi na moja. Avae sare yao. Asifanye kazi kwa mteja mwingine mpaka jengo limalizike. Akiumwa, ruhusa aombe kwao, lakini matibabu yake hayawahusu. Uvujaji wowote wa bafu lolote, hata uliosababishwa na fundi bomba, ni wake, bila kikomo. Na mwishoni, kwenye kurasa ambazo watu wengi hufika wakiwa wameshachoka, kulikuwa na kifungu kinachosema kwamba kampuni ikishindwa kulipa hasara, Pimamaji mwenyewe ataidhamini, kwa nyumba yake.

"Kampuni tuliijenga iwe ukuta," wifi alisema. "Kifungu hiki kinatoboa mlango ukutani, na ufunguo wanao wao. Ukisaini hiki, wifi yangu, siku bomba la mtu likipasuka wanakuja kuchukua ile nyumba. Usisaini."

Pimamaji alisema haya, hatasaini.

Siku iliyofuata alikwenda kwa meneja, kwenye kontena lililogeuzwa ofisi pembeni ya jengo, feni ikipeperusha michoro. Njia nzima alikuwa akirudia maneno ya kumwambia. Meneja alimvutia kiti. Alimpa maji ya baridi. Alimuuliza hali ya nyumbani na akasubiri jibu. Mtu akiwa mkali Pimamaji angalau huweza kunyamaza, lakini huyu alikuwa mwema, na wema ulikuwa tundu ambalo maji yake yote yalielekea. Alipogusia kifungu cha nyumba, meneja alitabasamu kwa huruma. Alisema hizi ni karatasi tu, dada, wote wanasaini, na haijapata kumtokea mtu. Akaisogeza kalamu.

Pimamaji akajisikia akisema haya. Aliichukua kalamu. Ilikuwa imeshagusa karatasi meneja alipouliza, kwa adabu ile ile, kama amekuja na muhuri wa kampuni.

Muhuri ulikuwa kwenye koti la Mjomba, na Mjomba alikuwa hautoi nje ya kikao.

Meneja alisema si neno. Alikuwa na haraka, mafundi bomba walikuwa wanakaribia kumaliza, basi yuko tayari kuufuata muhuri popote ulipo. Ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumamosi asubuhi mtu aliyezoea vikao vya wahandisi alijikuta barazani, viatu mkononi, akisubiri. Mwenyekiti alikuwa ameelekeza kwamba mgeni mwalikwa atakaa nje mpaka ajenda yake ifikiwe. Akiwa pale alisikia kupitia dirishani kumbukumbu za kikao kilichopita zikisomwa zote, pamoja na suala la kofia.

Alipoitwa ndani, alifanya jambo la busara sana. Alimpuuza kila mtu akamwendea Mjomba, akamshika mkono kwa mikono miwili, na kumwita Mheshimiwa Mwenyekiti. Mjomba hakuwahi kuitwa hivyo. Alikaa vizuri. Meneja aliendelea: Mheshimiwa Mwenyekiti anajua jinsi kampuni changa zinavyohitaji jina, Mheshimiwa Mwenyekiti ameona mengi, jina la kampuni litakuwa kwenye ubao wa jengo kwa herufi kubwa. Mkono wa Mjomba uliingia ndani ya koti. Leso ikafunguliwa. Akaupumulia muhuri, haa, kama mtu anayesafisha miwani.

"Shemeji, subiri," alisema Shangazi. Aligeukia mgeni. "Baba, fundi bomba akikosea, bafu likavuja, anadaiwa nani?"

Meneja alisema kampuni.

"Na kampuni ikishindwa?"

"Hapo ndipo kinapoingia kile kifungu cha mwisho, mama."

"Yaani nyumba hii. Hii tuliyokaa."

"Ni maandishi tu, mama."

"Hata talaka ni maandishi tu," alisema Shangazi, na kuegemea kiti.

Mume, ambaye hakuwa amesema kitu tangu asubuhi isipokuwa kusoma kumbukumbu, aliweka kalamu chini. Alieleza kwamba gari la kufundishia lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja upande wa mwalimu. Mwenye breki ya pili ndiye mwenye safari, na gari likigonga mtu, polisi hawamuulizi mwanafunzi, wanamuuliza yeye. Sasa mkataba huu, alisema, unataka saa mpange nyinyi, sare mchague nyinyi, wateja mkataze nyinyi. Breki zote mko nazo. Lakini gari likigonga, alipe mke wangu. Meneja alitabasamu, ila safari hii tabasamu lilichelewa kidogo.

Mwenyekiti akataka kura. Kwa upande wake, alisema bila kuutua muhuri, anaona fursa hazigongi hodi mara mbili, na mkataa pema pabaya panamwita. Yeye ni ndiyo. Shangazi ni hapana, tena kabla hajaulizwa. Mume alisema kura yake iko mfukoni mpaka mwenye mikono aseme. Atakapoangukia mkewe na yeye ataangukia hapo hapo.

Wote wakamtazama Pimamaji. Mwenyekiti alikuwa na muhuri hewani. Meneja alikuwa na ile sura njema, ya mtu aliyekunywa nawe maji. Neno "haya" lilikuwa limeshajaa mdomoni kama mate. Akatazama chini ili asimtazame mtu.

Kidole gumba cha mguu wake kilikuwa juu ya mstari ambapo kazi ya baba inaishia na yake inaanza. Mistari ya pande hizo mbili haikukutana sawasawa; ilipishana kwa unene wa kucha, kosa la binti wa wakati ule anayejifunza, na baba yake alikataa lirekebishwe. Hakuna mwingine aliyelijua. Atakayeichukua nyumba hatajisumbua kutazama. Atamwita fundi, na fundi ataleta mtaimbo, na kabla ya chai ya asubuhi benki, duka la dawa, maua ya bluu na mstari uliopinda vitakuwa kwenye toroli. Wataweka rangi moja. Huenda wakamwita yeye aje aiweke, na akasema haya.

Neno "sitaki" halikutoka. Alilijaribu kimoyomoyo, likakwama. Kilichotoka ni kitu kingine, na kilipotoka kilimshangaza yeye kuliko wote.

"Ndugu meneja, mimi mwenyewe sina neno," alisema. "Ila kampuni haitaki."

Meneja aliuliza kwa uangalifu, haitaki nini?

"Haitaki kifungu cha nyumba. Haitaki kukatazwa wateja wake. Uvujaji itajibu wa kazi yake tu, wa mabomba hapana, tena kwa mwaka mmoja. Na saa ya kuingia haitaki kupangiwa. Iambiwe siku ya kumaliza, itamaliza."

Maneno yalitoka laini, moja nyuma ya jingine, kama vigae kwenye gundi mbichi. Alijiona kama mtu aliyetumwa. Hakuna anayemchukia mleta salamu. Ujumbe si wake.

"Na wewe binafsi, dada?" alisema meneja, akimwinamia kwa ule upole wa kwenye kontena. "Wewe si tulishakubaliana?"

"Mimi ningesaini," alisema Pimamaji, na alisema kweli. "Lakini mimi nina robo tu."

Mume aliinamisha uso kwenye karatasi zake na kuandika jambo refu. Shangazi alitazama dari. Ilibaki zamu ya Mjomba. Kumpinga mpwa wake lingekuwa jambo jepesi, amekuwa akimpinga tangu utotoni. Lakini aliyesema hakuwa mpwa wake. Kampuni ndiyo iliyosema, na yeye ndiye mwenyekiti wake. Aliufunga muhuri kwenye leso, kona baada ya kona.

"Kampuni imeshasema," alitangaza, kana kwamba aliyesema ni yeye.

Meneja alitoka barazani kupiga simu. Walimwona kupitia dirishani akitembea huku na huku bila viatu. Aliporudi alikuwa na habari mchanganyiko. Kifungu cha nyumba kinaondolewa. Ilionekana kilinakiliwa kutoka mkataba wa watu wa lifti na hakuna aliyekumbuka kwa nini kipo. Saa za kuingia zinafutwa. Uvujaji ni wa kazi yake, mwaka mmoja, wamekubali. Kuhusu wateja wengine, waajiri wake wamekasirika. Kama fundi hawezi kuwa wao peke yao, basi hawezi kupata jengo peke yake. Apewe ghorofa za chini, za juu watatafuta watu wengine. Pimamaji alimtazama mumewe, mumewe akamtazama yeye. Kisha akasema haya, na hakuna aliyeona ubaya wa neno hilo mahali hapo.

Mwenyekiti alipendekeza kwamba mkataba mpya ukishachapwa ugongwe muhuri kwenye kikao kijacho, baada ya kumbukumbu kusomwa. Shangazi alimwambia, shemeji, utagonga siku hiyo hiyo utakapoletwa, hata kama uko bafuni.

Ndivyo ilivyokuwa, isipokuwa hakuwa bafuni.

Wifi alipopiga simu kuuliza kama sasa waandae karatasi za kurudisha zile robo, Pimamaji alimjibu kwamba asubiri kwanza. Alikuwa amegundua matumizi yake. Wiki hiyo yule jirani wa vigae vya jikoni alimzuia njiani, akaomba vigae vichache tu ukutani, ukipita, mama. Pimamaji alisema kwa moyo mkunjufu kwamba yeye hana neno, ataipeleka kwenye bodi. Jirani aliuliza bodi ni akina nani. Wazee, alijibiwa. Jirani akasema basi aache, wasisumbuliwe wazee kwa vigae vichache. Mteja mwingine alikumbuka kaukuta ka nyuma baada ya kazi kupatanwa. Kampuni ikamwandikia bei ya kaukuta, naye akagundua kwamba kaukuta kanaweza kusubiri. Watu wa mtaani walianza kusema Pimamaji amebadilika. Wengine walisema hapana, yeye ni yule yule, mwema, ila anafanya kazi na watu wagumu sana.

Ghorofa za chini za hosteli zilikamilika siku iliyoahidiwa, kila bafu likiinamia tundu lake. Mabaki yalikuwa machache, ya kijani hafifu. Aliyaweka barazani, kwenye ngazi, mahali ambapo sakafu ya baba haikuwahi kufika.

Suala la Mjomba lilikuja kwenye kikao cha mwezi uliofuata, chini ya mengineyo. Alilileta kwa kuzunguka. Alianza na umuhimu wa viongozi kuwa mfano, akapitia sifa za kampuni, akatua kwenye bafu lake mwenyewe, ambalo lina vigae vilivyopasuka tangu mkewe alipoangusha pasi. Hakudhani, alisema, kwamba kati ya mjomba na mpwa kuna haja ya kutajiana bei.

Pimamaji alishusha kikombe chake. Alisema yeye kama mpwa hana neno hata kidogo. Ila kampuni ina utaratibu: mjumbe mwenye maslahi kwenye ajenda hushauriwa kutoka nje wakati inajadiliwa. Wifi aliwahi kuwasomea, na Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeagiza uandikwe.

Mjomba alitazama huku na huku akitafuta wa kumsaidia. Katibu alikuwa anaandika. Shangazi alikuwa na uso wa mkunga anayesema sukuma. Alisimama, akagusa koti kuhakikisha muhuri upo, akatoka barazani na kusimama juu ya vigae vya kijani, pale pale aliposimama meneja.

Ndani Shangazi alicheka, kile kicheko chake cha kuanzia tumboni, na mume akafuata. Mjomba alisogea dirishani.

"Katibu, andika," alisema, akiweka sawa kola ya koti. "Andika kwamba Mwenyekiti ametoka kwa hiari yake."